Nani Amemuuliza Kaka Yake?



Nyumbani kwetu ni Kasumulu, wilayani Kyela, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka mto Songwe kuingia Malawi. Likizo iliyopita nilifika wakati watu wanavuna mpunga, na jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa na habari moja tu mdomoni. Binti mmoja wa miaka 8, mwenye ugonjwa wa selimundu, alikuwa amepata mtu wa kumpa uloto. Mtu huyo ni kaka yake, mwenye miaka 11. Vipimo vilionyesha kuwa wanalingana.

Jumamosi ile tulisali nyumbani kwao. Tulisali rozari nzima kwa ajili ya binti. Tukawaombea wazazi, tukawaombea madaktari, tukamwombea hata dereva wa basi atakayewapeleka Dodoma. Kapu lilipozungushwa lilirudi zito kuliko nilivyozoea kuliona kwetu, na mama mmoja akaongeza debe mbili za mpunga. Kijana mwenyewe alikuwa akipanga viti, na baadaye akagawa chai. Kila aliyepokea kikombe alimshika kichwani na kumwambia, "Wewe ndiye mwokozi wa mdogo wako." Nami nilisema hivyo hivyo. Tena nilivuka mpaka: nilimwambia kwamba Bwana Yesu alitoa mwili wake wote, na yeye anaombwa kidogo tu.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika kwenye migomba ya mwisho akasimama, akaniuliza, "Frateri, uloto wangu ukikataa, mdogo wangu akafa, nitakuwa nimemuua mimi?" Kabla sijajibu akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi nikisema sitaki?"

Niko mwaka wa pili wa falsafa. Somo la maadili nimelifaulu vizuri. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya "Mungu atasaidia," na nilipofika nyumbani nililiona jibu lile kuwa la aibu. Ndiyo sababu naandika leo. Nimeomba ruhusa kwa wazazi wake, na nimemwomba yeye mwenyewe. Baadhi ya mambo madogo nimeyabadili ili wasitambulike.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Uloto ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa, ambamo damu hutengenezwa. Mwenye selimundu hutengeneza chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na mtoto analia mifupa usiku kucha. Ukanda wetu wa mpunga na mbu unaujua ugonjwa huu kuliko watu wa milimani, maana anayerithi kinasaba kimoja tu hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo vinasaba hivyo vimedumu pale malaria ilipodumu. Wazazi wawili wazima kabisa, kila mmoja akibeba kimoja, wanaweza kumzaa mtoto mwenye viwili. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wa namna hiyo kila mwaka.

Upandikizaji wa uloto ndio tiba ya kuuondoa ugonjwa wenyewe iliyothibitika kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1968 huko Minneapolis, Marekani, daktari Robert Good na wenzake walimtibu mtoto mchanga aliyezaliwa bila kinga ya mwili kwa kutumia uloto wa dada yake. Mwaka 1984 ikatangazwa habari ya mtoto wa Memphis aliyepandikizwa uloto kwa sababu ya saratani ya damu, na selimundu aliyokuwa nayo ikaisha pia. Kwetu, kwa miaka mingi, jambo hili lilimaanisha India, na India ilimaanisha kuuza shamba na bado pesa isitoshe. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kuwapandikiza wagonjwa wa saratani ya damu kwa kutumia uloto wao wenyewe. Kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu, na tangu mwaka 2023 taifa zima limesikia habari hiyo. Kwa mtu wa Kasumulu, Dodoma ni mbali: Tukuyu, Mbeya, Iringa, kisha bado safari. Lakini ni basi, si ndege.

Sasa tuje kwa mtoaji. Zipo nchi ambako watu wazima wasiomjua mgonjwa hujiandikisha kwenye daftari, wakasubiri siku watakayoitwa. Duniani kote waliojiandikisha wanazidi milioni 40. Afrika Kusini wana daftari lao tangu mwaka 1991, na Nigeria walianzisha lao mwaka 2012. Lakini vinasaba vya Waafrika vina utofauti mwingi kuliko vya watu wa mahali pengine popote, na Waafrika waliomo kwenye madaftari hayo ni wachache. Hata Marekani kwenyewe, makadirio ya daftari lao ni kwamba mgonjwa mwenye asili ya Afrika ana nafasi kama 29 katika 100 za kumpata mtu anayelingana naye kikamilifu, wakati Mzungu ana 79. Kwa hiyo, mtoto wetu anapotafutiwa mtoaji, macho yanarudi sebuleni: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Niliketi na kalamu. Kila ndugu wa namna hiyo ana nafasi moja katika nne ya kulingana na mgonjwa. Kama wazazi wote wawili wanabeba kinasaba cha selimundu, ana nafasi tatu katika nne ya kutokuwa mgonjwa naye. (Anayebeba kinasaba kimoja anaruhusiwa kutoa, watu wengi wa jumuiya walidhani haruhusiwi.) Zidisha: tatu katika kumi na sita. Nyumba yenye ndugu watatu, bado nafasi ya kumpata angalau mmoja anayefaa haifiki nusu. Ndugu wa mama tofauti, ambao kwetu si wachache, nafasi yao ni ndogo sana. Basi ukielewa hesabu hiyo utaelewa shangwe ya ile Jumamosi. Na utaelewa pia kwa nini hakuna aliyekumbuka kumuuliza kijana chochote. Mtu akiokota almasi haiulizi kama inataka kuokotwa.

Lakini ndugu wa mtoto wa miaka 8 ni nani, kama si watoto? Tiba hii, kwetu, inasimama juu ya miili ya watoto wengine. Sisemi hivyo ili kuipinga. Naiunga mkono kwa moyo wote, na ningekuwa kaka yake ningetamani kuwa mimi ndiye ninayelingana. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ile walikuwepo watoto wawili wanaokwenda hospitali, na sisi tulimwona mmoja.

Wapo watakaosema naikuza hofu ndogo. Ni kweli kwamba hatari kwa mtoaji ni ndogo. Analazwa, anapewa nusu kaputi, madaktari wanaingiza sindano nyuma ya mfupa wa nyonga mara kadhaa na kuvuta uloto. Akiamka anaumwa mgongo na nyonga kwa siku chache, labda juma moja, na mwili wake unarudisha kilichotolewa ndani ya majuma machache. Hapungukiwi kiungo. Ila kuiita hatari ndogo "hakuna kitu," kama tulivyofanya pale, ni uongo. Mtoto anaumwa kwa kitu kisichomtibu yeye. Analazwa usingizi ambao yeye hauhitaji. Na mzigo mkubwa hauko kwenye nyonga. Uko kwenye lile swali la migombani. Uloto unaweza kukataliwa na mwili, au wenyewe ukaushambulia mwili ulioupokea, hata kama wanalingana na kila mtu amefanya kazi yake sawasawa. Mtoto aliyeambiwa kwamba yeye ndiye mwokozi, siku hiyo atajiona nani?

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili yako wazi kuliko matendo yetu. Katekisimu, namba 2296, inasifu kutoa viungo kuwa ni tendo adili, na hapo hapo inasema halikubaliki kama mtoaji, au anayestahili kusema kwa niaba yake, hajaridhia waziwazi. Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji tarehe 29 Agosti 2000, alisisitiza kuwa tendo hili ni zawadi, na zawadi hutolewa kwa uhuru na kwa kujua unachokitoa. Msomaji makini ataniambia: lakini Katekisimu inaruhusu mwingine aridhie kwa niaba yake, na huyo ni mzazi. Sawa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mzazi wa kijana ndiye mzazi wa binti. Anasimama pande zote mbili za kesi, na upande mmoja unalia usiku. Simlaumu. Nasema tu kwamba binadamu aliyewekwa hapo hawezi kusikia sauti mbili kwa usawa.

Uingereza wameliona hili. Chini ya sheria yao ya mwaka 2004 kuhusu tishu za binadamu, mtoto asiyeweza kuridhia mwenyewe hatolewi uloto mpaka mtu huru, asiyemtibu mgonjwa, azungumze na mtoto huyo na wazazi wake, na mamlaka husika itoe kibali. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria ili kumtafutia mtoto mtu wa kukaa naye. Tuna katekista. Tuna mwalimu wake. Tuna wasimamizi wa ubatizo, ambao kwetu wamebaki kuwa watu wa kupiga nao picha. Msimamizi wa kijana huyu yupo, anauza duka karibu na forodha. Hakuwa ameulizwa chochote.

Lakini je, mtoto wa miaka 11 ana akili ya kuulizwa? Hapa nina neno na ndugu zangu wakleri na wenzangu wa seminari. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 97, inamhesabu mtoto aliyetimiza miaka 7 kuwa na matumizi ya akili. Kijana huyu amepokea Komunyo ya kwanza. Kabla ya siku hiyo tulimpeleka kwenye kitubio, kwa sababu tunaamini anaweza kujua jema na baya na kulichagua baya kwa hiari yake. Hatuwezi kumwamini mtoto kwamba anaweza kutenda dhambi, halafu tusimwamini kwamba anaweza kusema ndiyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, alipokuwa akipinga watoto kubatizwa kinyume cha matakwa ya wazazi wao, alieleza kwamba mtoto asiye na matumizi ya akili yuko chini ya ulezi wa wazazi, kama alivyokuwa tumboni. Akianza kutumia utashi wake, anaanza kuwa wake mwenyewe. Kuanza si kumaliza. Hakuna anayedai kijana wa miaka 11 aachiwe uamuzi kama mtu mzima. Ila ameanza, na mtu aliyeanza kuwa wake mwenyewe huombwa.

Mwaka 2000, huko Marekani, alizaliwa mtoto aliyechaguliwa maabara akiwa kiinitete ili alingane na dada yake mgonjwa na ampe damu ya kitovu. Kanisa lina mengi ya kusema kuhusu viinitete ambavyo havikuchaguliwa. Nilikuwa nikilisoma tukio hilo kama jambo la Wazungu. Kijana wetu hakuzaliwa kwa ajili hiyo, ameletwa na Mungu na wazazi wake kwa ajili yake mwenyewe. Lakini ile Jumamosi, kwa jinsi tulivyomshikashika kichwa, angeweza kudhani amezaliwa awe spea.

Niliyasema haya, kwa maneno laini zaidi, kwa mama yao. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele. Kisha akasema, "Frateri, nakuheshimu. Lakini wewe hujawahi kumbeba mtoto saa tisa usiku anayekuomba umkate mguu." Nilinyamaza. Nikaomba msamaha, na bado naona nilistahili kuomba. Baadaye akauliza swali ambalo msomaji naye analo: "Sasa nikimuuliza, akasema hataki?"

Sitalikwepa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, wazazi waamue, wakishauriana na mtu asiye na upande, na mtoto huyo apewe uangalizi wake mwenyewe hospitalini, asiwe kifurushi kilichobebwa pamoja na mgonjwa. Kwa mtoto kama huyu wa kwetu, akisema hataki, asilazimishwe kwa fimbo, wala kwa vitisho, wala kwa Injili, na hiyo ya tatu nilikwisha kuitumia mimi. Hataki yake mara nyingi ni naogopa, na naogopa hujibiwa kwa kueleza, kwa kusubiri, kwa kumpeleka akutane na mtoto aliyekwisha kutoa. Akikataa hata baada ya hayo yote, huku mdogo wake anazidiwa? Nimeliwaza swali hili usiku mwingi. Naamini bado asilazwe mezani kwa nguvu. Nasema hivyo nikijua kuwa si mimi nitakayezika. Atakayeniita katili ana haki ya kuniita hivyo. Ila zawadi iliyoporwa kwa mtoto mmoja ili apewe mwingine haina tena jina la zawadi, na nyumba hiyo watoto wote wawili watalazimika kuishi ndani yake.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa jumuiya alinipa nafasi ya kusema neno. Sikuhubiri. Niliuliza tu ni wangapi kati yetu tumewahi kuchangia damu. Mikono miwili ilinyanyuka, mmoja wa kijana wa bodaboda na mwingine wa nesi mstaafu. Watu wazima zaidi ya 30, tumekaa tunampongeza mtoto kwa kukubali sindano ya mfupani, na sindano ya mkononi inatushinda. Wangu haukunyanyuka. Kuna mzee akasema damu ikitolewa huwezi kujua inakwenda wapi, wengine wakacheka, lakini nadhani alisema lililokuwa mioyoni mwa wengi. Mgonjwa anayepandikizwa uloto huvunjwa kwanza ule wa zamani kwa dawa kali, na mpaka mpya ushike anaishi kwa damu na chembe sahani za watu wengine. Damu ya Kyela pengine haitafika Dodoma. Lakini wodi ya watoto ya hapa kwetu haikosi mwenye selimundu anayesubiri chupa moja. Jumatatu tulikwenda watu tisa. Nesi mstaafu alikataliwa kwa sababu ya umri, akabaki kutushika mikono. Mimi nilizimia kidogo, jambo ambalo jumuiya haitalisahau mpaka nipate daraja, Mungu akipenda.

Aliyemuuliza kijana ni baba yake. Alimpakia kwenye baiskeli wakaenda shambani, na huko, kwa alivyonisimulia, akamweleza yote: sindano, usingizi, maumivu ya mgongo, na kwamba mambo yanaweza kwenda vibaya bila kosa la mtu yeyote. Akamwambia akikataa atabaki kuwa mtoto wake na hakuna atakayejua isipokuwa wao watatu. Kijana akaomba siku tatu. Mama yake ananiambia hakulala siku zote hizo, na mimi namwamini.

Siku ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba watu waache kumshika kichwa.

Wanaondoka mpunga ukishauzwa. Siku ya kuaga kwangu kurudi seminarini, kijana aliniuliza kama watalazwa chumba kimoja na mdogo wake. Safari hii nilijibu ninachokijua. Nilimwambia hapana, yeye ataruhusiwa mapema, na mdogo wake atakaa kwenye chumba cha peke yake kwa majuma kadhaa, kwa sababu hata mafua ya kawaida yanaweza kumdhuru. Alifikiri kidogo.

"Basi simu ya baba iwe na chaji," akasema.